Kupima kingamwili za korona kwa wafanyakazi wa hospitali: wahudumu wa usafi waachwe nje?

Sista_Eastlands aliuliza:

Habari zenu wadau. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja huku Eastlands, Nairobi, na nimo kwenye kamati yetu ya kuzuia maambukizi. Tunapanga kuwapima wafanyakazi damu ili tujue ni wangapi walishapitiwa na korona tangu kisa cha kwanza kitangazwe nchini tarehe 13 Machi 2020. Si kile kipimo cha kuingizwa kijiti puani, ni cha kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi au chanjo. Naomba wenye ujuzi wa maabara na takwimu mnijibu kwa lugha ambayo nitaweza kuisoma mbele ya kamati ikaeleweka na kila mtu, pamoja na mhasibu.

Kwanza, chanjo. Wengi wetu tulichomwa AstraZeneca mwaka huu wa 2021, wengine mwezi huo huo wa Machi ilipofika. Wachache waliochelewa wamepata Sinopharm juzi juzi. Tukipimwa leo si sote tutatoka chanya? Tutajuaje nani aliugua na nani amechanjwa tu?

Pili, kuna jambo limetuvuruga wadini. Mwenzangu wa wadi ya wazazi alipimwa PCR, kile cha kijiti puani, mwaka jana akakutwa na virusi, akapoteza harufu kabisa, akajitenga nyumbani kwake Umoja. Alipokwenda kupima kingamwili kwenye maabara ya kulipia kabla hajachanjwa, akaambiwa hana. Mimi sikuwahi hata kupiga chafya, na nilikutwa nazo. Sasa watu wanasema kipimo ni cha uongo na hawatatoa damu.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Orodha ya watakaopimwa imetoka ofisi ya utumishi. Ina madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki, watu wa maabara na wa famasia. Wanaopiga deki, wanaofua mashuka, wanaosukuma machela, akina mama wa jikoni na askari wa getini hawamo, kwa sababu mwajiri wao ni kontrakta. Nilipouliza nikajibiwa kwamba hao si wahudumu wa afya. Mimi niliwaona mwaka jana. Wakati sisi tunagawiwa N95, zile barakoa za kuchuja hewa, kwa kuweka sahihi, mama anayebeba mifuko ya njano ya taka zenye maambukizi kutoka wadi ya kutengwa alikuwa na barakoa ya kawaida aliyoifua mwenyewe. Jioni alikuwa anakimbilia matatu kabla kafyu haijamkuta njiani. Nataka hoja yenye namba, si ya huruma, maana ya huruma nimeshaitoa na haikusikilizwa.

Maabara_Nairobi alijibu:

Sista, asante kwa swali lililonyooka. Nimekaa na sampuli hizi tangu mwaka jana, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na mwenzako wa wadi ya wazazi, kwa sababu hofu ya watu isipotulizwa hutapata damu ya kupima. PCR inatafuta virusi vyenyewe, siku hiyo, puani au kooni. Kingamwili ni nyayo kwenye sakafu iliyolowa: zinakuambia kuna mtu alipita, hazikuambii alipita saa ngapi wala alitokea mlango gani, na kadiri muda unavyokwenda zinakauka. Kwa kawaida zinaanza kuonekana wiki moja hadi tatu baada ya maambukizi. Kisha zinapungua, kwa wengine haraka kuliko kwa wengine, na waliougua kidogo mara nyingi hutengeneza kiasi kidogo. Kwa hiyo mwenzako aliugua kweli, kipimo chake cha PCR kilikuwa sawa, na kipimo cha damu huenda kilifika wakati kiasi kimeshuka chini ya mstari, yaani kiwango ambacho kipimo huanza kumhesabu mtu kuwa chanya. Usisahau pia kwamba vile vipimo vya kutoboa kidole vinavyosoma kwa mistari miwili havilingani kwa ubora. Muulize alipimwa kwa kipi. Na wewe kuwa na kingamwili bila kupiga chafya ni jambo la kawaida. Wengi walioambukizwa hapa Kenya hawakuwa na dalili yoyote.

Maabara inaamuaje nani yuko juu ya mstari? Kwa ELISA, aina ya kipimo cha damu cha maabara, sahani yenye visima vidogo inapakwa protini ya kirusi. Tunaweka seramu yako (maji ya damu yanayobaki ikiganda) iliyopunguzwa makali, tunaosha, tunaongeza kemikali inayobadilisha rangi pale kingamwili zilipojishika, kisha mashine inasoma ukolezi wa rangi. Mstari unawekwa kwa kupima kwanza damu ya watu ambao tuna hakika hawakukutana na kirusi hiki. Wenzetu wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walitumia sampuli 910 zilizotolewa mwaka 2018, kabla korona haijazaliwa. Kati ya hizo 901 zilitoka hasi kama ilivyotakiwa, yaani asilimia 99. Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujanunua vipimo, muulize muuzaji vilipimwa kwa damu ya watu wa wapi. Damu ya mtu aliyeishi na malaria na maambukizi mengine ya huku inaweza kutoa majibu ambayo kipimo kilichojaribiwa Ulaya peke yake hakikuyatarajia.

Sasa chanjo. Hapa ndipo tafiti nyingi za hospitali zitaharibika msipokuwa makini. AstraZeneca inaufundisha mwili protini moja tu, ile ya miiba iliyo nje ya kirusi. Ukipima kingamwili za miiba leo, karibu kila aliyechanjwa atatoka chanya, na hutajua lolote kuhusu maambukizi. Mnachohitaji ni kipimo cha protini ya ndani, nyukliokapsidi. Aliyechomwa AstraZeneca peke yake hana kingamwili za nyukliokapsidi. Akikutwa nazo, alikutana na kirusi chenyewe. Lakini Sinopharm imetengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, kwa hiyo inaweza kuleta kingamwili za vyote viwili. Waliochomwa Sinopharm wapimeni mkipenda, ila msiwahesabu katika idadi ya walioambukizwa kwa kutegemea kipimo hicho. Kwenye fomu wekeni aina ya chanjo na tarehe ya kila dozi, na mtu aje na kadi yake. Msitegemee kumbukumbu.

Kuna gharama moja. Kingamwili za nyukliokapsidi zina sifa ya kushuka. Vipimo vinavyosoma IgG, aina moja tu ya kingamwili, peke yake vilionekana kupoteza watu mapema kuliko vile vinavyosoma aina zote za kingamwili kwa pamoja, kwa hiyo mkiweza chagueni vya aina ya pili. Hata hivyo aliyeambukizwa Julai 2020 anaweza kukosekana leo. Chukueni pia rekodi za PCR za wafanyakazi, kwa ridhaa yao, na muwahesabu walioambukizwa kwa njia zote mbili.

Swali lako la tatu namwachia kidogo mtu wa takwimu, ila nikupe namba mbili tatu za kwenda nazo. Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Desemba 2020, watafiti walipima wahudumu wa afya 684 Nairobi, Busia na Kilifi. Baada ya kurekebisha kwa makosa ya kipimo, waliokuwa na kingamwili Nairobi walikuwa asilimia 43.8, Busia 12.6, Kilifi 11.5. Karibu nusu ya wahudumu waliopimwa Nairobi, kabla ya chanjo hata moja kuingia nchini! Na hili lisome polepole kwenye kamati: walipolinganisha kada za kazi, baada ya kuzingatia umri, jinsia na mahali, kada haikuleta tofauti. Kuwa daktari au kuwa kitu kingine hakukusema nani ameambukizwa.

Uingereza walipata picha kali zaidi. Katika hospitali za Chuo Kikuu cha Oxford walipima wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwaka 2020, na kati ya kada za kazi waliokuwa juu kabisa ni wabeba wagonjwa na wahudumu wa usafi, asilimia 18.6. Wafanyakazi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambao kila mtu alidhani ndio watakaoumia, walikuwa asilimia 9.9. Birmingham, wahudumu wa usafi walikuwa asilimia 34.5, wa chumba cha mahututi 14.8. Chumba cha mahututi kilikuwa na vifaa kamili na mafunzo. Anayesukuma machela alikuwa anapita kila wadi. Sasa mtu akikuambia hao si wahudumu wa afya, mwombe aeleze kirusi kilitambuaje kitambulisho cha kazi.

Dkt_Ngara alijibu:

Naheshimu kazi ya mwenzangu wa maabara, lakini niseme ukweli wangu. Chanjo ipo, watu wachanjwe. Hela ya kununua sahani za ELISA ingenunua N95 na glavu. Kujua kwamba nesi fulani aliambukizwa mwaka jana hakumponyi mtu.

Sista_Eastlands alijibu:

Daktari, shukrani, na N95 nazitaka pia, nimeziombea kwa barua. Lakini mwaka jana ziligawiwa kwa kufuata cheo kwa sababu hakuna aliyekuwa na namba ya kuonyesha nani anaambukizwa. Tukizipata tena kwa kubahatisha zitakwenda kule kule. Nikionyesha kwamba dobi iko juu kuliko wadi ya kutengwa, nitaomba za dobi na hakuna atakayeniuliza kwa nini.

Takwimu_Juja alijibu:

Salaam Sista. Nitajibu sehemu ya hesabu tu.

Mkiwa na watu 150 na asilimia 40 wakawa chanya, jibu lenu lina wigo wa takribani asilimia 8 juu na 8 chini. Hilo linatosha kusema kitu kuhusu hospitali nzima. Ila mkiwa na wahudumu wa usafi 20 tu, asilimia 40 ile ile ina wigo wa takribani 21 kila upande, yaani inaweza kuwa 19 au 61. Kamati itakuambia "namba zenu hazionyeshi tofauti" na watakuwa sahihi. Kwa hiyo kwenye makundi madogo msichague sampuli, chukueni kila anayekubali. Usafi, dobi, jiko, machela, ulinzi, mochari, wote. Madaktari na wauguzi ndio mnaoweza kuwachagua kwa kura. Najua ni kinyume cha orodha uliyopewa.

Andikeni pia waliokataa ni wangapi na wa kitengo gani. Ikiwa watakaojitokeza ni wale waliokuwa wagonjwa na wanataka kujua, asilimia yenu itapanda juu kuliko hali halisi.

Na rekebisheni kwa makosa ya kipimo. Chukua asilimia ya waliotoka chanya, toa asilimia ya wasioambukizwa ambao kipimo kinawasingizia, halafu gawa kwa jumla ya uwezo wake wa kutambua chanya na hasi ukitoa moja. Mfano: 42 kwa mia, kipimo kinachotambua 93 kati ya 100 walioambukizwa na kuwaacha huru 99 kati ya 100 wasioambukizwa. Ni 0.42 toa 0.01, gawa kwa 0.92, unapata kama asilimia 44.6. Tofauti ni ndogo maana maambukizi ni mengi. Mahali ambapo maambukizi ni machache mambo yanageuka. Katika watu 1,000 wenye maambukizi ya asilimia 5, kipimo chenye usahihi wa 95 kwa wasioambukizwa kitawasingizia watu 47 au 48, karibu sawa na wale walioambukizwa kweli. Nusu ya majibu chanya ni ya uongo hapo. Ndiyo sababu namba ya kundi inaweza kuaminika wakati jibu la mtu mmoja halistahili kumfanya avue barakoa.

Jambo la mwisho, linganisheni na mtaa. Mwezi Novemba 2020 uchunguzi wa kaya hapa Nairobi ulikadiria kwamba asilimia 34.7 ya wakazi walikuwa na kingamwili. Mkipata 45 hospitalini, msiseme yote yametoka wadini. Mfanyakazi anaishi kwenye nyumba yenye watu, anapanda matatu, anakwenda kanisani au msikitini.

Mama_Kayole alijibu:

Nimesoma yote ingawa mengine sikuyaelewa. Mimi ni msafishaji katika hospitali, si ya Sista, ni nyingine, na mwajiri wangu ni kampuni. Mwaka jana wadi yetu ilipogeuzwa ya korona tulionyeshwa kuvaa gauni na kuvua, mara moja tu, na aliyetuonyesha alikuwa na haraka. Wauguzi waliitwa kupimwa. Sisi tulisikia tukiwa tunapiga deki kwenye korido. Mwenzetu mmoja alikohoa wiki mbili akija kazini kwa sababu sisi tunalipwa kwa siku, na usipokuja hakuna pesa.

Nina maswali yangu. Nikitoa damu na ikaonekana nilikuwa nayo, je, kampuni itaambiwa? Wataniondoa? Na je, hiyo karatasi inaweza kunisaidia kudai fidia ya kuumia kazini? Maana tuliambiwa kuna sheria ya WIBA, ya fidia kwa wanaoumia kazini.

Maabara_Nairobi alijibu:

Mama, umeuliza maswali mazito kuliko sisi sote.

Matokeo ni yako. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na habari za afya zimo katika zile zinazolindwa zaidi. Utafiti wa namna hii unatakiwa upitishwe na kamati ya maadili na upate kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu tafiti. Katika fomu ya ridhaa lazima iandikwe nani ataona matokeo. Sista, hapo msiandike kwa ujanja. Andikeni wazi kwamba kontrakta atapewa asilimia ya kundi lote na hatapewa jina la mtu, na kama kikundi ni cha watu watatu wanne, msitoe hata hiyo asilimia maana watajulikana. Mirija iwe na namba. Daftari la majina likae kwa mtu mmoja, kabatini, chini ya kufuli. Ridhaa isomwe kwa Kiswahili kwa sauti, na asiyetaka asiulizwe sababu. Msimamizi wa kontrakta asiwepo chumbani wakati watu wanatia sahihi.

Kuhusu fidia, nitakuwa mkweli kwako. Kingamwili hazionyeshi uliambukizwa lini wala wapi, kwa hiyo karatasi hiyo peke yake ni ushahidi dhaifu. Kitakachokusaidia zaidi ni PCR ya wakati unaumwa, rekodi ya zamu zako katika wadi ile, na barua ya daktari. WIBA ya mwaka 2007 inamhusu mwajiri wako, na mwajiri wako ni kampuni, kwa hiyo anza na ofisi ya kazi ya serikali au chama cha wafanyakazi. Kamati ya hospitali haiwezi kukudaia.

Na ukikutwa nazo, usilegeze chochote. Utafiti wa SIREN wa Uingereza, uliofuatilia wafanyakazi wa hospitali zaidi ya 25,000, ulionyesha kwamba walioambukizwa zamani walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 84 ya kuambukizwa tena katika miezi iliyofuatiliwa. Ni kinga kubwa, lakini si kamili, na ilipimwa kabla ya Delta, aina ya kirusi iliyokuja baadaye, kutawala. Chanjwa, vaa barakoa, na usikubali kubeba mfuko wa njano bila glavu nzito.

Dkt_Ngara alijibu:

Nimemsoma Mama_Kayole. Naondoa pingamizi. Sista, kama mnahitaji daktari wa kutia sahihi kwenye maombi ya kamati ya maadili, niandikie kwa faragha.

Sista_Eastlands alijibu:

Daktari, nakuandikia leo usiku. Mama, Mungu akulinde. Swali lako la nani ataona matokeo nitaliweka juu kabisa ya fomu yetu, kwa maneno yako. Na ile ya kulipwa kwa siku nimeiandika pembeni. Tutaomba atakayetoa damu asikatwe saa zake, na kwamba watu wa kontrakta watolewe damu katikati ya zamu na si baada yake, maana baada ya zamu wanawahi magari.

Orodha nitaipeleka upya Jumanne, ikiwa na vitengo sita vilivyoachwa. Namba za Oxford na Birmingham nitazisoma baada ya zile za kwetu, si kabla.

Swali la mwisho kwa Maabara: hatuna friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Tunayo ya nyuzi 20 chini, famasia. Inatosha?

Maabara_Nairobi alijibu:

Inatosha kwa seramu mtakayoipima ndani ya miezi michache. Acheni damu igande, izungusheni kwenye sentrifuji siku hiyo hiyo, na gawanyeni seramu ya kila mtu kwenye vichupa viwili kabla ya kugandisha. Kimoja cha kupima, kimoja cha akiba. Kinachoharibu sampuli zaidi ni kuyeyusha na kugandisha tena na tena, na Eastlands stima mnajua wenyewe inavyopotea. Hakikisheni friza hiyo iko kwenye laini ya jenereta, na mtu mmoja aandike joto lake asubuhi na jioni, wikendi ikiwemo.